Jinsi ya kukusanya bahasha na stempu za vita vya Katanga bila kupigwa

Wengi wanaoanza hii kitu huanzia pabaya, ila mimi nadhani niliwazidi wote. Nyumbani Kigoma bibi alikuwa na kopo la biskuti limejaa barua za mdogo wake aliyeolewa ng'ambo ya ziwa, Albertville, ndo Kalemie ya leo, sasa mimi niko darasa la tano nikachemsha maji, nikashika bahasha moja moja juu ya mvuke, nikabandua stempu zote nikazipanga kwenye daftari la hesabu, bahasha nikawashia jiko. Zile stempu bado ninazo. Ukinipa hela ya soda mbili nakuachia zote. Zile bahasha zingekuwepo leo, hata ungekuja na bodaboda mpya nisingekupa.

Ndo maana jambo la kwanza nalokwambia ukitaka kukusanya vitu vya Kongo ya 1960 hadi 1964: stempu peke yake karibu haina kitu. Stempu za Katanga, ule mkoa wa kusini mwa Kongo uliojitenga 1960, zilichapwa nyingi na zikauzwa sana kwa wakusanyaji wa nje, seti mpya kabisa zenye gundi yake bado zinapatikana kwa bei ya chipsi. Kilicho adimu ni bahasha iliyosafiri kweli, imebandikwa stempu, imepigwa mhuri, imepita mahali fulani siku fulani wakati risasi zinalia, ikafika. Kwa hiyo mtu akikwambia nina seti nzima ya Katanga mwambie hongera, halafu muulize kama ana bahasha.

Kabla hujatoa hata shilingi jifunze tarehe, maana kwenye mchezo huu tarehe ndo polisi wako. Kongo inapata uhuru 30 Juni 1960. Tarehe 11 Julai, siku kumi na moja tu, Moïse Tshombe, kiongozi wa mkoa huo, anatangaza Katanga imejitenga, makao makuu Élisabethville, yaani Lubumbashi. Agosti mwaka huohuo Kasai Kusini nayo inajitenga chini ya Albert Kalonji, makao Bakwanga, leo Mbuji-Mayi. Jeshi la Umoja wa Mataifa, wenyewe wanaliita ONUC, linaingia Julai 1960 na linaondoka Juni 1964. Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, anauawa Katanga 17 Januari 1961. Halafu zinakuja zile raundi za mapigano kati ya ONUC na Katanga, Septemba 1961 kuanzia tarehe 13, Desemba 1961, na ya mwisho inaanza 28 Desemba 1962, mpaka Januari 1963 ONUC wanaingia Kolwezi na Katanga ya Tshombe inakwisha. Andika hizo tarehe kwenye karatasi ubandike ukutani, sitanii, kila bahasha utakayoletewa utaitazama na hiyo karatasi.

Sasa stempu zenyewe, kwa ufupi. Mwanzoni Katanga haikuwa na stempu yake, ikachukua zilizobaki za Kongo ya Mbelgiji, zile za vinyago, za maua, za wanyama, ikazipiga chapa juu neno KATANGA. Zile za ramani ya Kongo zilizotolewa kwa ajili ya uhuru nazo zikapigwa chapa ndefu ya Kifaransa, 11 JUILLET DE L'ÉTAT DU KATANGA, yaani ramani inasherehekea Kongo moja halafu juu yake maneno yanasema sisi tumeondoka, mimi hiyo huwa nacheka peke yangu. 1961 zikaja zilizochapwa kwa ajili yao wenyewe: vinyago vya Katanga, maonyesho ya biashara ya Élisabethville, ndege za Air Katanga, na sura ya Tshombe kwa mwaka mmoja wa kujitenga. 1962 ikaja ya jandarmeri, jeshi lao. Kasai Kusini nao walipiga chapa ÉTAT AUTONOME DU SUD-KASAI juu ya stempu za Mbelgiji, baadaye wakatoa za kichwa cha chui na herufi V kubwa, na za Kalonji mwenyewe. Serikali ya Léopoldville, Kinshasa ya leo, nayo ilikuwa inapiga chapa CONGO juu ya mzigo uleule wa zamani. Kwa hiyo stempu ya ua lilelile unaweza kuikuta kwa sura nne, tupu, ya CONGO, ya KATANGA na ya Kasai. Ukizipanga hizo nne mstari mmoja, mgeni yeyote nyumbani kwako ataelewa ile vita bila wewe kufungua mdomo.

Hakuna nchi hata moja iliyoitambua Katanga, na kwenye Umoja wa Posta Duniani haikuwemo. Lakini stempu zake kwenye barua za nje kwa kawaida ziliachwa zipite, ndo maana leo tuna bahasha zilizofika Brussels au kwingine zikiwa na sura ya Tshombe kama kawa.

Haya, umeletewa bahasha. Usianze kuangalia stempu. Anza na anwani. Inatoka wapi, inaenda kwa nani? Bahasha nyingi za Katanga ni za kampuni, Union Minière ya migodi ya shaba na reli ya BCK, zina jina la kampuni kwenye kona, hizo ndo za kuanzia kwa mtu wa mfuko mdogo, ni za kweli, zilifanya kazi ya kweli, hakuna aliyezituma ili zikusanywe. Ukiona B.P. na namba ujue hiyo ndo SLP yao. Halafu nenda kwenye mhuri. Jina la mji, tarehe ikianza na siku halafu mwezi halafu mwaka. Chukua kioo cha kukuzia, ama simu yako, kamera za siku hizi zinatosha, soma ile tarehe herufi kwa herufi. Halafu geuza. Watu hawageuzi! Nyuma ndo kuna utamu, mhuri wa kupokelea, mhuri wa mji iliyopitia, kibandiko, mwandiko wa karani. Bahasha iliyotoka Élisabethville katikati ya Septemba 1961 ikafika Ulaya baada ya wiki sita, hapo umeiona vita kwa macho yako, kuliko hata picha.

Maneno utakayoyaona mara kwa mara: PAR AVION ni ya ndege. RECOMMANDÉ au herufi R yenye namba ni rejista, hizi huwa na mihuri mingi nyuma kwa sababu kila ofisi ilitakiwa kuiandika, kwa hiyo zinaeleza njia vizuri zaidi. Herufi T ni deni, hela haikutosha. RETOUR ni imerudishwa kwa aliyetuma, na ukiona pamoja na hiyo neno SUSPENDU au INTERROMPU, yaani huduma imesimama, toa hela haraka kabla muuzaji hajafikiria mara mbili. Tafuta hizo hasa kwa 1964, wakati waasi wa Simba walipoishika Stanleyville, Kisangani, kuanzia mwanzoni mwa Agosti mpaka makomandoo wa Ubelgiji waliporushwa kwa miavuli 24 Novemba. Barua iliyoelekezwa Stanleyville kwenye miezi hiyo, yaani tumbo linanicheza nikiandika tu.

Majina ya miji yatakuchanganya mwanzoni kwa sababu mihuri ni ya jina la zamani. Jadotville ni Likasi. Albertville Kalemie. Luluabourg Kananga. Coquilhatville Mbandaka. Usumbura, ambako barua na watu wengi walipitia, ni Bujumbura.

Na usidhani Katanga yote ilikuwa ya Tshombe. Kaskazini Wabaluba walimkataa kabisa, na Januari 1961 mji wa Manono ukashikwa na wapinzani wake, wakatangaza mkoa wao wa Lualaba. Kwa hiyo miji miwili ya mkoa uleule ingeweza kutumia stempu za serikali mbili mwezi mmoja. Bahasha ya kaskazini ya 1961 usiipitishe bila kujiuliza, hii stempu ni ya nani na mji siku hiyo ulikuwa wa nani? Zikipishana, ama umepata kitu kikubwa ama umepata feki.

Tukishafika kwenye feki tukae kidogo. Stempu za Kongo ya Mbelgiji ni za bei ya karanga, na chapa ya KATANGA ni neno moja tu la herufi saba, kwa hiyo mtu mwenye mashine ya kuchapa na njaa anaweza kukutengenezea utajiri usiku mmoja. Hasa zile wanazoziita makosa, chapa iliyopinduka, chapa mara mbili, mimi hizo sinunui kabisa mpaka ziwe na cheti cha mtaalamu. Kitu cha kwanza kuangalia ni wino upi uko juu. Stempu inapigwa chapa ofisini kwanza, ndo inauzwa, ndo inabandikwa, ndo inapigwa mhuri wa posta. Mhuri lazima uwe juu ya chapa. Ukikuta neno KATANGA limekaa juu ya wino wa mhuri, rudisha, usibishane nae. Cha pili ni ile karatasi yako ya ukutani, stempu za Katanga zenye chapa zilianza kutoka Septemba 1960, sasa mtu akikuletea ya mhuri wa Julai 1960 mwambie asante. Cha tatu mhuri uanzie kwenye stempu umalizikie kwenye bahasha, ile mistari iungane bila kuruka, kama imeruka stempu ilibandikwa baadae.

Mimi nilipigwa 2016. Jamaa mmoja onlaini ananiuzia bahasha ya Jadotville ya Septemba 1961, picha safi, nikatuma hela ya miezi miwili. Jadotville unajua ndo pale kampani ya wanajeshi Waayalandi wa ONUC, kama mia na hamsini na kitu tu, walizingirwa siku tano wakiongozwa na Pat Quinlan wakaishiwa maji na risasi wakajisalimisha, kwa hiyo kitu chochote cha tarehe zile bei inapaa. Bahasha ikafika. Mhuri mzuri, tarehe 15. Nikaigeuza kwenye mwanga wa dirisha, nikaona alama ya kona ya stempu nyingine iliyowahi kubandikwa pale na kubanduliwa, kubwa kidogo kuliko hii iliyopo. Yaani bahasha kweli, mhuri sijui, stempu imehamia. Hela haikurudi. Tangu siku ile kila bahasha naomba picha tatu, mbele, nyuma, na moja ya pembeni mwanga ukiwa umelala.

Kuna na zile ambazo si feki ila si za kweli pia. Utaijua: safi kama imetoka dukani, seti nzima ya stempu imepangwa mstari, mihuri imekaa katikati utadhani imepimwa kwa rula, ndani hakuna barua na wala haikuwahi kuwepo, anwani ni ya muuza stempu wa Ulaya. Hizo zilitumwa kwa ajili ya wakusanyaji. Moja ama mbili sawa za kupamba ukurasa, lakini usizilipie bei ya barua. Njia nyingine ya kuzikamata ni nauli. Kusanya picha za bahasha tano sita za mwezi mmoja zinazoenda nchi moja, utaona nauli zinakaribiana, sasa ikitokea moja imebandikwa faranga mara nne ya wenzake na haina R wala uzito, jibu unalo.

Upande wa wanajeshi wa Umoja wa Mataifa huu ni uwanja mzima peke yake, na kwa maoni yangu ndo bado una bei za kibinadamu. ONUC ilifika karibu watu elfu ishirini, India, Ethiopia, Nigeria, Ghana, Ireland, Sweden, Malaya, Tunisia na wengine, na kila askari alikuwa na mama nyumbani anayesubiri barua. India ndo iliyokwenda mbali zaidi, Januari 1962 ikapiga chapa U.N. FORCE (INDIA) CONGO juu ya stempu zake za ramani kwa ajili ya wanajeshi wake. Zikiwa mpya ni rahisi. Zikiwa kwenye bahasha iliyopita posta ya jeshi na mwandiko wa askari, hiyo ni habari nyingine. Za Waswidi na Waayalandi angalia mihuri ya vikosi na jina la kambi, Kamina, Albertville, Élisabethville. Waayalandi tisa walipoteza maisha kwenye shambulio la Niemba la 8 Novemba 1960, si mbali na Albertville, kwa hiyo barua za wiki zile bei yake ina uchungu ndani, na wauzaji wanalijua hilo.

Halafu kuna barua zilizozunguka. Mapigano yakianza Élisabethville posta na uwanja wa ndege ni vya kwanza kuguswa, na mpaka wa Rhodesia ya Kaskazini uko karibu. Ukikuta bahasha imeandikwa nyuma anwani ya Élisabethville lakini stempu ni ya Rhodesia na Nyasaland na mhuri ni wa Ndola, fikiria: mtu aliivusha mkononi. Ndola hiyohiyo ambayo karibu nayo ndege ya Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, ilianguka usiku wa kuamkia 18 Septemba 1961. Wauzaji wengi huziweka bahasha hizi kwenye fungu la Rhodesia kwa bei ya Rhodesia kwa sababu hawageuzi. Wewe geuza.

Wapi utapata? Delcampe ndo soko la mtandaoni lenye vitu vingi vya Kongo ya Mbelgiji, kisha eBay, na andika majina ya zamani kwa Kifaransa, ukitafuta Lubumbashi 1961 hutapata kitu. Nunua mafungu kuliko moja moja, fungu la bahasha thelathini zisizo na mpangilio ndo sehemu ya kuokotea. Ndugu yako akiwa Brussels mwombe apite soko la vitu vya zamani la Place du Jeu de Balle, familia zilizorudi kutoka Kongo zimezeeka na vitu vinatoka kwenye madari. Ila sisi tuna mlango ambao Mbelgiji hana. Kigoma, Ujiji, Bujumbura, Ndola, Lubumbashi yenyewe, kuna makopo ya biskuti kama la bibi yangu. Nenda kwa adabu, kaa, kunywa chai, usianze na bei. Mwambie mzee shikamoo na umwombe akusomee, si akuuzie. Na akikubali kuuza mlipe hela inayofanana na ukweli, na barua yenye mambo ya ndani ya familia umwachie ama umpe nakala, na ukipiga picha kuweka mtandaoni ficha majina. Wengine hao watu bado wana wajukuu palepale mtaani.

Na hapa ndo faida yetu kubwa ilipo, barua ikiwa bado imo ndani. Wakusanyaji wa Ulaya wanatupa karatasi wanabaki na bahasha, ama wanaandika tu "ndani kuna barua ya Kiafrika". Wewe unaisoma! Kiswahili cha Katanga kina mambo yake, watoto ni batoto, wataandika njo vile pale ambapo wewe ungesema ndivyo hivyo, lakini baada ya mistari kumi unakwenda nacho. Nina moja ya Desemba 1961 mtu anamwandikia kaka yake kwamba unga umepanda na mabomu yamepiga karibu na mgodi, halafu ukurasa mzima unaofuata ni lawama kuhusu baiskeli aliyoazima hajarudisha. Niliinunua kwenye fungu, muuzaji hakujua kilichomo. Usiitenganishe karatasi na bahasha yake hata siku moja, na tafsiri uandike pembeni kwenye karatasi yako, si juu yake.

Kutunza. Usiloweke, usibandue, usipige pasi, usitumie selotepu, usipige laminesheni, nimeona mtu kapiga laminesheni bahasha ya Kasai Kusini nikatoka nje kupunga upepo. Shika kwa mikono iliyooshwa na kukauka, stempu zilizo peke yake kwa kibano kisicho na meno. Plastiki iwe ile isiyo na PVC, zile mfuko laini zinazonuka zinakula wino baada ya miaka. Ukiwa pwani, Dar, Tanga, Mombasa, adui wako ni unyevu, vile vidoa vya kahawia kama kutu vinavyoanza kwenye gundi havirudi nyuma, kwa hiyo weka albamu zimesimama, zisibanane, ndani ya kabati na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu, ubadilishe kila baada ya miezi kadhaa. Ukutani hapana, jua linakula rangi nyekundu kwanza. Vidudu vya karatasi vinapenda gundi ya zamani kuliko wewe, kagua kila mwezi. Na skani zote, mbele na nyuma, weka nakala sehemu mbili.

Kupanga usipange kwa stempu. Panga kwa tarehe, ama kwa njia, ama chagua mji mmoja uufuate kutoka Juni 1960 mpaka Januari 1963, bahasha ishirini za Élisabethville zilizofuatana zina nguvu kuliko mia mbili za kila mahali. Chini ya kila moja andika kwa penseli kwenye karatasi ya albamu: imetoka lini, imepita wapi, imefika lini, ulilipa ngapi, na muuzaji alisema nini. Hiyo ya mwisho usiiache. Miaka mitatu baadae ukigundua kitu ni feki utataka kukumbuka alisemaje.

Mimi kwa sasa natafuta Albertville, 1961, kwenda Kigoma, mwandiko wa mwanamke. Barua za bibi ziliungua kwenye jiko lakini yule mdogo wake lazima aliandikia na wengine. Ukiiona usiibandue stempu.